Jani lina wakati wake, mtu je?

Tuanze na neno ambalo mzee mmoja wa mtaa wetu alitutupia usoni. Ilikuwa mwaka 2024, hapa Goma. Sisi wa kikundi cha foto tulikuwa tumebandika foto kumi na mbili kwenye ukuta wa chumba cha mikutano: umande juu ya majani ya mgomba, kumbikumbi waliopoteza mabawa, kiota kisicho na ndege, na jani moja la fougère limeota katikati ya mawe meusi ya volkano. Chini ya kila foto tuliweka mistari mitatu mifupi, tukijaribu kufuata namna ya Wajapani inayoitwa haiku. Mzee alizunguka na fimbo yake, akaangalia zote bila haraka, halafu akauliza: "Batoto yangu, kule Kanyaruchinya batu banalala mu mahema, banakufa na banazikwa kila siku, na nyinyi munapiga maua foto? Ile ni kazi gani?"

Hatukumjibu. Mmoja wetu alianza kusema kwamba uzuri unatuliza roho, lakini sentensi ilimfia mdomoni, juu sote tuliona kwamba ni jibu la mtu aliyeshiba. Mzee akatuaga kwa heshima, akaenda zake.

Swali lake limebaki nasi. Tunaliandika hapa kwa sababu sio swali la foto tu. Ni swali la namna gani mtu anaweza kukitazama kifo kupitia jani au ndege, na kama kutazama hivyo ni kuwa mkweli au ni kukimbia.

Kwanza tueleze haiku, kwani wengi wetu tulisoma shule za padri ambapo tulikariri La Fontaine, lakini hakuna aliyetuambia habari za Japani. Haiku ni shairi dogo sana. Kwa Kijapani lina mizani 17 zilizogawanywa 5, 7 na 5. Mshororo mmoja wa shairi letu la Kiswahili una mizani 16, kwa hiyo haiku nzima ni sawa na mshororo mmoja na mizani moja ya nyongeza! Ndani ya nafasi hiyo ndogo, desturi inadai vitu viwili. Cha kwanza ni neno la majira. Wajapani wako na vitabu vizima, vinaitwa saijiki, vinavyopanga maneno hayo: chura ni wa wakati wa kuchipua, nyenje ni wa wakati wa joto, mwezi mpevu ni wa wakati majani yanapoanguka. Cha pili ni neno la kukata, linalosimamisha shairi ghafla na kuacha ukimya katikati ya picha mbili.

Sisi hatuna theluji, lakini majira tuko nayo. Mwezi wa saba ni mavumbi na moshi, mlima hauonekani. Mvua zinaporudi, kumbikumbi wanatoka ardhini, wanazunguka taa usiku mmoja, na asubuhi mama anafagia mabawa mlangoni. Mtu wa huku ukimwambia "kumbikumbi" tu, amekwisha kuelewa saa, mvua, taa na ufagio. Hiyo ndiyo kazi ya neno la majira. Linasema kitu kimoja, na ndani yake mna kwamba kitu hicho hakidumu.

Ndiyo maana haiku na kifo ni majirani wa tangu zamani. Matsuo Bashō, aliyekuwa mkubwa wa washairi hao, alikufa Osaka mwaka 1694, akiwa safarini, na umri wa miaka kama hamsini. Japani kulikuwa na desturi ya mtu kuacha shairi la kuaga kabla ya kukata roho. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wake walimwomba la kwake, naye akawajibu kwamba kila shairi alilotunga katika miaka ile lilikuwa la namna hiyo. Yaani hakuwa amengojea kitanda cha mwisho ndipo aanze kuaga.

Lakini anayetugusa sisi zaidi ni Masaoka Shiki, ndiye aliyelipatia shairi hili jina la haiku mwishoni mwa karne ya 19. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Jina lenyewe la Shiki alilichukua kutoka kwa ndege ambaye watu wa kwao wanasema anaimba mpaka anatapika damu. Ugonjwa ulimwingia kwenye mifupa ya mgongo, na miaka yake ya mwisho aliipitisha amelala katika nyumba ndogo ya Negishi, Tokyo. Dunia yake yote ikawa kipande cha bustani kinachoonekana kutoka kitandani. Basi alifanya nini? Alitazama bustani. Kutoka kwa marafiki wachoraji alikuwa amejifunza fundisho waliloliita shasei, maana yake kuchora kitu kama kilivyo, na akalileta kwenye mashairi: usiseme huzuni, sema kilicho mbele ya macho.

Mbele ya macho yake kulikuwa kumetundikwa madodoki. Ndiyo, dodoki hili hili tunaloogea! Maji ya shina lake yalitumika kule kama dawa ya kikohozi. Tarehe 18 Septemba 1902, akiwa hawezi tena kuinuka, Shiki alishikiwa ubao wa karatasi, akaandika mashairi matatu juu ya dodoki na makohozi yake mwenyewe. Usiku ule akafa. Hakuwa amefika miaka 35. Tunalitafakari sana jambo hili. Mtu anayekufa hakuandika juu ya umilele wala juu ya nyota. Aliandika juu ya mmea wa dawa ambao haukumponyesha, na wanaoyajua mashairi hayo wanasema ndani yake mna hata kichekesho.

Foto nayo ni ndugu wa haiku. Kitufe cha apareyi ni neno la kukata. Inafunguka kwa sehemu moja ya mia mbili na hamsini ya sekunde, inafunga, na ile sekunde imekwenda. Msomi Mfaransa Roland Barthes, baada ya kufiwa na mama yake, aliandika kitabu La Chambre claire, kilichotoka mwaka 1980. Anasimulia jinsi alivyomtafuta mama katika foto za zamani mpaka akampata katika moja, akiwa mtoto mdogo ndani ya bustani ya vioo. Kitabu kina foto mingi, lakini ile hakuionyesha. Kwetu, alisema, ingekuwa foto tu kama zingine. Hapo wafiwa wote wa Goma wanamwelewa, maana kila mmoja iko na foto kama hiyo ndani ya telefone, na haionyeshi kwa kila mtu.

Sasa, kitu ambacho apareyi imetufundisha sisi ni hiki: haijui kupiga foto ya kifo. Tulijaribu. Tulikaa chini ya taa usiku wa kumbikumbi, tukitaka kupata "kifo" kwa namna nzuri. Apareyi ilituletea bawa hili, limekunjika upande huu, limeshikamana na saruji kwa tone la maji. Foto ilikuwa nzuri pale tu tulipoacha kutafuta fundisho. Mwanzoni tuliona ni udhaifu wa chombo. Leo tunaona ni uaminifu wake.

Na desturi yetu ya kilio inafanana nayo kuliko tulivyodhani. Nani asiyejua msemaji wa familia anavyosimama mbele ya watu na kueleza historia ya kifo? Marehemu alianza kulalamika kichwa siku gani, alipelekwa wapi, dawa gani ilikosekana, nani alikuwa kando yake, neno gani alisema mwisho. Mgeni kutoka mbali anaweza kuuliza haya yote ya nini, mtu si amekwisha kufa? Lakini wazee walijua. Mtu hafi "kifo". Anakufa kifo chake, na waliobaki wana haki ya kukijua. Kilio kisicho na historia watu wanakitilia mashaka, wanarudi nyumbani wakinong'ona.

Kwa upande huu basi tungeweza kumjibu mzee: tunapiga maua foto ili tujifunze kutazama kwa usahihi, na anayetazama kwa usahihi ataomboleza kwa usahihi. Lingekuwa jibu zuri. Lakini lina shimo ndani yake, na mzee angeliona haraka kuliko sisi.

Shimo ni hili. Jani linaanguka kwa wakati wake. Kumbikumbi alitoka ardhini ili azae na kufa. Ukimzoesha mtu kutazama vifo vya namna hii, mwisho atakuambia: "Kila kitu kinapita, ndugu. Hata sisi ni majani." Maneno haya tunayaona kwenye kadi za pole, yameandikwa juu ya foto ya jua linalozama ziwani. Hayana uongo. Lakini nani anayependa sana tuyaamini? Mwenye bunduki! Kama mtoto aliyepigwa bomu ndani ya hema ni jani lililoanguka, basi hakuna aliyemuua. Ni majira tu. Hapo ushairi wa asili unakuwa kitambaa cha kufutia damu, na apareyi yetu pamoja nao.

Tupime jambo hili kwa mfano wa kwetu, ambao dunia nzima iliuona. Mwaka 2007, ndani ya hifadhi ya Virunga, walinzi walikuta mtoto wa sokwe wa mlima mwenye umri wa miezi miwili tu, ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyepigwa risasi na watu wenye silaha. Wakamwita Ndakasi. Alilelewa na mlinzi André Bauma, na baadaye akaishi kwenye kituo cha Senkwekwe, Rumangabo. Mwaka 2019 foto yake ilizunguka dunia: mlinzi amejipiga mwenyewe, na nyuma yake Ndakasi na mwenzake Ndeze wamesimama wima kama watu wanaongojea kupigwa foto ya kitambulisho. Watu walicheka kila mahali. Tarehe 26 Septemba 2021, baada ya ugonjwa wa muda mrefu, Ndakasi alikufa mikononi mwa Bauma. Foto ya hapo pia ilipigwa: mnyama mkubwa amemwegemea mtu aliyemlea miaka 14.

Mama na mtoto, vifo viwili. Cha mtoto kinaweza kuingia kwenye haiku. Ugonjwa, uchovu, mkono wa rafiki: hicho ni kifo chenye majira yake, na ukiitazama ile foto unalia bila kumkasirikia mtu. Cha mama hakiingii. Ukikitungia mistari mitatu yenye umande na ukungu wa mlima umefanya kosa, hata kama mizani zimetimia. Kile kinahitaji jina la bunduki, jina la aliyeishika, na hakimu. Na wote wawili ni sokwe, msitu ni ule ule, ukungu ni ule ule! Tofauti haiko ndani ya asili. Iko ndani ya kilichotendwa.

Tulidhani tumemaliza. Kuna kifo cha majira, chukua apareyi. Kuna kifo cha mkono wa mtu, nenda mahakamani. Halafu mmoja wetu akatuletea habari za Kobayashi Issa, na mpaka wetu ukabomoka.

Issa alizaliwa mwaka 1763 katika kijiji cha mlimani cha Kashiwabara. Watoto wanne aliowazaa na mke wake wa kwanza walikufa wote wakiwa wadogo. Kati yao Sato, msichana wa mwaka mmoja na kidogo, alikufa kwa ndui mwaka 1819. Issa ameandika juu ya mwaka ule katika kitabu Ora ga Haru, na humo mna shairi la umande linalojulikana kuliko mengine yake. Hatulinukuu hapa. Tunasema tu kwamba ndani yake anakubali fundisho la dini yake, kwamba dunia hii haina kudumu, kisha anasita, na sentensi haimaliziki. Wafafanuzi wengi wanasema: tazama moyo wa baba, akili imekubali lakini moyo umekataa.

Sisi tunaona zaidi ya hapo. Ndui ilionekana wakati ule kama majira, kama baridi na theluji, inakuja, inachukua watoto, inaondoka. Kumbe huko Uingereza, tangu mwaka 1796, daktari Edward Jenner alikuwa ameonyesha namna ya kuizuia kwa chanjo. Chanjo hiyo ilifika vizuri Japani, kupitia Nagasaki, mwaka 1849. Miaka thelathini baada ya Sato! Na mwaka 1980 OMS ilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Basi yule baba aliyekataa kumalizia sentensi alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe. Kifo cha mtoto wake hakikuwa umande. Kilikuwa dawa ambayo haijafika.

Na sisi je? Tangu mwanzo wa mwaka 2019 mpaka Januari 2020, surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika Congo, wengi wao watoto, na chanjo ya surua iko tangu miaka ya sitini. Ni vilio vingapi ambavyo tulisimama tukisema "ni mapenzi ya Mungu", na msemaji wa familia alikuwa amekwisha kutuambia, katika ile historia, kwamba dawa ilikosekana? Tulisikia lakini hatukusikia. Tuliweka kifo kile kwenye fungu la majani.

Kwa hiyo leo hatuna hakika tena kwamba mtu anaweza kujua haraka kifo kipi ni cha majira. Tunachoweza kusema ni kwamba haiku nzuri haiharakishi. Inaweka kitu mbele yako, inakata, inanyamaza. Anayeharakisha ni yule anayekuja baada yake na neno "ndiyo maisha". Tukipiga jani foto na kunyamaza, tumefanya kazi ya kweli. Tukilipiga na kulisemesha, tukalifanya litoe pole kwa niaba ya wenye makosa, hapo mzee iko na haki, tufunge apareyi twende tukachote maji kwa ajili ya watu wa mahema.

Mwezi wa kwanza wa 2025 vita viliingia mjini. Kwa siku nyingi hakuna aliyepiga ua lolote foto. Tulizika. Kule makaburini, mmoja wetu alikuwa na apareyi ndani ya mfuko na hakuitoa. Wengine walisema baadaye kwamba alikosea, kwamba alipaswa kuweka ushahidi. Jambo hili hatujakubaliana mpaka leo, na hatutajifanya hapa kwamba tumekubaliana.

Mzee alirudi. Chumba kile kilikuwa kimevunjwa kufuli, foto nane zilipotea, nne zilibaki, na moja ni ile ya fougère. Tuliipiga upande wa Buhene, juu ya mawe yaliyomwagika usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka na watu wengi wakakimbilia Sake na Rwanda. Fougère ni kati ya mimea inayotangulia kuota juu ya mawe ya namna hiyo. Mpiga foto wetu alikuwa ameulizia, akaambiwa kwamba chini ya mawe pale palikuwa nyumba ya mtu, jiko lake lilikuwa upande huu. Basi aliandika:

Jani la kwanza
jikoni kwa jirani;
jiwe lapoa.

Mzee alisomewa mistari hiyo mara mbili, juu macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Akauliza: "Jirani gani?"

Tukamwambia kwamba katika haiku hakuna nafasi, mizani ni 17 tu, na hizi zimekwisha kutimia, 5, 7, 5.

"Ile mama nilikuwa namujua," akasema. "Alikuwa anauzisha sambaza. Alikuwa na jina."

Akalitaja jina. Hatulichapishi hapa, kwani watoto wake wamesambaa na hatujapata kuwaomba ruhusa. Lakini pale pale tulihesabu kwa vidole, mzee pia akihesabu na sisi, akianza na kidole kidogo. Neno jirani lina mizani tatu. Jina lake nalo lina tatu.